Mama Makinda bungeni: ni miaka 40 au 20?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Makambako. Tumepewa kazi ya kuandika kuhusu mbunge aliyedumu muda mrefu kutoka nyanda za juu kusini, nami nimemchagua Mama Anne Makinda. Bibi yangu anasema mama huyu alikuwa mbunge tangu 1975, enzi za Mwalimu Nyerere. Lakini kila orodha ya wabunge wa majimbo ninayoipata inamwonyesha kuanzia 1995, Njombe Kusini. Nani yuko sahihi? Na kama kweli alikaa miaka yote hiyo, mtu anawezaje kudumu bungeni hivyo bila watu kumchoka?

Jibu

Marahaba, binti. Bibi yuko sahihi, na orodha zako nazo ziko sahihi. Anne Semamba Makinda aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa na miaka 26, ametoka kusomea uhasibu Mzumbe, na akastaafu mwaka 2015 akiwa Spika. Hiyo ni miaka 40. Ila jimbo alilipata 1995. Miaka 20 ya kwanza alikuwa mbunge asiye na jimbo, ndiyo maana kwenye orodha za majimbo humwoni.

Swali lako la pili ndilo tamu zaidi, na wengi hulijibu kwa haraka: eti alipendwa, au eti chama kilimbeba. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatakufikisha popote kwenye kazi yako. Mimi nikisoma historia ya mbunge yeyote aliyedumu, nauliza jambo moja kwa kila kipindi: safari hii, nani alikuwa na uwezo wa kumtoa? Ukiuliza hivyo kwa Mama Makinda utakuta wenye uwezo huo walibadilika mara kadhaa, naye kila mara akajua ni nani sasa anayeshika kisu.

Tuanze na 1975. Bara kulikuwa na TANU peke yake, Zanzibar ASP; CCM ilizaliwa Februari 5, 1977. Ninyi vijana mkisikia chama kimoja mnadhani hapakuwa na ushindani. Ulikuwepo, tena mkali, ila ulifanyika ndani ya chama. Kwa utaratibu ulioanza na Katiba ya Muda ya 1965, kila jimbo lilipata wagombea wawili wa chama hichohicho. Waliotaka ubunge waliomba, mkutano wa wilaya ukawapigia kura na kuwapanga, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na haikulazimika kufuata mpangilio wa wilaya.

Hao wawili hawakuzunguka kila mtu na gari lake na wapambe wake. Chama ndicho kilichoandaa mikutano. Walipandishwa jukwaa moja, kila mmoja akapewa muda wake, wananchi wakauliza maswali, msafara ukaenda kijiji kingine na walewale wawili. Kujinadi kwa kabila au dini ilikuwa marufuku. Lugha ilikuwa Kiswahili tu, maana yake hapa kwetu mgombea hakuruhusiwa kuteleza kwenye Kibena au Kihehe hata kama wazee waliokaa mbele wangemwelewa vizuri zaidi hivyo. Kwenye karatasi ya kura mmoja alikuwa na alama ya jembe, mwingine nyumba. Wengi walitamani jembe, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa inahubiri kilimo asubuhi na jioni. Na watu wazito walianguka. Mwaka 1965, kwenye uchaguzi wa kwanza wa mtindo huo, Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha alikosa kiti.

Nimekuchorea picha hiyo kwa sababu Mama Makinda hakupita huko. Mwaka 1975 hakuwa jembe wala nyumba.

Pembeni ya majimbo kulikuwa na viti vingine. Katiba ya 1965 iliweka wabunge wa taifa 15. Jumuiya za umma, yaani vijana, wanawake, wafanyakazi, washirika na wengineo, zilipendekeza majina, na Bunge lenyewe ndilo lililopiga kura kuwachagua. Juu ya hao waliongezeka wakuu wa mikoa, walioingia kwa vyeo vyao, na wateule wa Rais. Makundi haya yalifanyiwa marekebisho mara kadhaa. Yale ya mwaka 1984 yaliweka viti 15 mahsusi vya wanawake. Lakini msingi haukubadilika: walikuwepo wabunge halali kabisa, wenye haki ya kuuliza, kuchangia na kupiga kura, ambao mpiga kura wa kijijini hakuwachagua na hakuweza kuwatoa. Binti Makinda aliingia kwa mlango huo.

Kwa hiyo tangu 1975 hadi 1995, nani angemtoa? Chama na vyombo vyake. Mkulima wa viazi wa Uwemba hakuwa na la kusema, wala mchuma chai wa Kibena. Wanaotaja miaka 40 kana kwamba Wananjombe walimrudisha mara nane wanakosea hapa, na wewe usiingie mtego huo.

Lakini usiende upande wa pili ukaandika kwamba alipewa zawadi. Kwa mwanamke wa wakati ule mlango huo ndio uliokuwa wazi. Wanawake waliopata ubunge wa jimbo wakati wa chama kimoja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka huohuo wa 1975 ndipo Mwalimu Nyerere alipoteua mawaziri wanawake wa kwanza, Tabitha Siwale na Julie Manning. Na kuingia ni jambo moja, kubaki ni jingine. Wengi waliingia kwa viti hivyo wakakaa kipindi kimoja na majina yao hayakusikika tena.

Kuna jambo moja ningependa uliweke kwenye kazi yako, kwa sababu waandishi wa mbali hawalioni. Makinda alipoingia Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, aliyekalia kiti cha Spika alikuwa mtu wa huku kwetu: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa. Adam Sapi aliongoza Bunge tangu 1962 hadi 1973, Erasto Mang'enya akashika kwa miaka miwili, kisha Adam Sapi akarudi mwaka huohuo wa 1975 na kubaki hadi 1994. Enzi hizo Iringa na Njombe zilikuwa mkoa mmoja. Mkoa wa Njombe umekuja kukatwa 2012. Kwa miaka kama 19, basi, Makinda alikaa chini ya Spika mmoja, akimwona anavyoruhusu, anavyokatisha, anavyonyamaza. Mtu hawezi kukaa muda huo bila kujifunza kwamba mwenye kiti ana nguvu kubwa sana, na nguvu hiyo iko kwenye kitabu cha kanuni.

Mwaka 1983 aliteuliwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwaka 1990, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, akapelekwa Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto, akakaa huko hadi 1995. Kwa nchi yetu waziri lazima awe mbunge, kwa hiyo mtu asiye na jimbo alikuwa anategemea mambo mawili yanayoshikana: akipoteza kiti anapoteza uwaziri. Baadaye aliwahi pia kuwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma. Sehemu hii ya uwaziri nisingekushauri uirefushe. Haikuwa ndiyo iliyompa jina.

Kilichobadilisha kila kitu ni 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchini ilikuta karibu watu 80 kati ya kila 100 waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na serikali ikakubali. Katiba ikabadilishwa. Viti vya jumuiya za umma vikafutwa, wakuu wa mikoa wakaondolewa bungeni kama kundi, na pakawekwa viti maalumu vya wanawake visivyopungua asilimia 15, vigawiwe vyama kwa kadiri ya nguvu zao. Mlango alioingilia Makinda mwaka 1975 ukafungwa.

Hapo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa viti maalumu: angeomba kupitia UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, na kwa jina lake asingepata shida. Ya pili ilikuwa jimbo. Alichagua jimbo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika safari yake, na ndio unaotenganisha sehemu mbili za miaka yake 40. Uchaguzi wa 1995 ulikuwa na majimbo 232 nchi nzima. Wanawake walioshinda majimbo walikuwa 8. Yeye alikuwa mmoja wao, Njombe Kusini, akiwa na miaka 46.

Sasa nani angemtoa? Kwa sheria ni mpiga kura. Kwa hali halisi ya kwetu, kuna watu wanaotangulia: wapiga kura za maoni wa chama, yaani wanaochuja nani awe mgombea wa chama kabla ya uchaguzi wenyewe. Mwaka 1995 CCM ilipata majimbo 186 kati ya 232, na nyanda za juu kusini zilikuwa ngome yake. Katika ngome, anayeshinda kura za maoni anaweza kuanza kushona suti ya kuapia. Kwa hiyo mbunge wa Njombe Kusini alilazimika kwanza kuwa sawa na wajumbe wa chama, watu anaowajua kwa majina na wanaomjua kwa majina, na ambao hawakosi mtu mwingine anayewanong'oneza kwamba huyu amezeeka, huyu haonekani, huyu amehamia Dar es Salaam. Ilipofika 2010 CCM ikabadili utaratibu, wanachama wote wakaruhusiwa kupiga kura za maoni kwenye matawi yao, na nchi nzima vigogo kadhaa waliokuwa wamezoea kuzungumza na wajumbe wachache wakaangukia pua. Yeye akavuka. Aliwakilisha jimbo hilo kwa vipindi vinne, 1995 hadi 2015, na kupita katika taratibu mbili tofauti za kura za maoni ndani ya chama hichohicho. Hilo ndilo jibu la bibi yako, na ndilo la kuwaonyesha wanaosema alibebwa tu.

Lakini ukitaka rekodi ya jimbo peke yake, mkoa jirani una mtu aliyempita. William Lukuvi wa Isimani, Iringa, naye aliingia 1995 na akashinda kila uchaguzi hadi 2020. Vipindi sita kwa vinne. Njiani amekuwa waziri, amekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam huku akiwa mbunge, Januari 2022 akaachwa nje ya Baraza la Mawaziri na mwaka 2024 akarudishwa. Kama mwalimu wako anataka mbunge aliyedumu kwa kura za jimbo, Lukuvi ni mfano safi zaidi. Kama anataka mtu aliyeliona Bunge likibadilika sura, baki na Makinda.

Mwaka 2005 alichaguliwa Naibu Spika, Samuel Sitta akiwa Spika. Lilikuwa Bunge lenye moto. Kanuni mpya za 2007 zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi, na Februari 2008 kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, ikasoma taarifa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sitta alijulikana kwa kauli ya kasi na viwango. Naibu wake alijulikana kwa jambo lisilopigiwa makofi: kujua kanuni ya ngapi inasema nini.

Kisha ikaja Novemba 2010. Kamati Kuu ya CCM ilipokaa kuchuja majina ya uspika ikapitisha wanawake watatu, Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba, na jina la Sitta halikuwemo. Wabunge wa CCM wakamchagua Makinda, na ndani ya ukumbi akamshinda Mabere Marando wa CHADEMA. Akawa Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge la Tanzania. Siku zile maneno yalikuwa mengi: eti hoja ya jinsia ilitafutwa ili kumwondoa Sitta, aliyeacha Bunge likaing'ata serikali. Mimi naona mambo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Chama kilitaka kumpumzisha Sitta. Na aliyepatikana alikuwa na miaka 35 ya ubunge na mitano ya unaibu. Ungetafuta mwingine mwenye sifa hizo ungepata shida.

Kuanzia hapo waliokuwa na uwezo wa kumtoa walikuwa wabunge wenzake, na wengi wao ni wa chama chake. Upinzani nao ulikuwa umenona, tena kutoka huku kwetu: Joseph Mbilinyi, Sugu, alikuwa amechukua Mbeya Mjini, Mchungaji Peter Msigwa Iringa Mjini, David Silinde Mbozi Magharibi. Yeye Njombe, wao pande zote za jirani, na kila walipotaka mwongozo wa Spika ilibidi awatazame watu ambao wapiga kura wao wanapanda basi moja na wake.

Ukitaka kumwona Makinda akiwa kazini, chukua Aprili 2012. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha matumizi mabovu wizarani, na wabunge wa pande zote walichachamaa. Zitto Kabwe, wakati ule CHADEMA, akaanza kukusanya sahihi za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Ibara ya 53A ya Katiba inataka sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote, na inataka taarifa imfikie Spika siku 14 kabla ya hoja kuletwa. Sahihi zikapatikana. Hata CCM walikuwemo, akiwemo hayati Deo Filikunjombe wa Ludewa, mtu wa mkoa mmoja na Spika. Watu wakasubiri kuona kama Mama atakubali au atakataa.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema mkutano wa Bunge unakaribia kufungwa na siku 14 hazipo. Basi. Hakusema hoja ni mbaya wala nzuri, hakumtetea Pinda, hakuwagombeza waliosaini. Alisoma ibara na kalenda, na hoja ikakosa pa kusimama. Mei 4 Rais Jakaya Kikwete akapanga upya Baraza la Mawaziri na mawaziri 6 wakaachwa.

Wapinzani waliona ni ujanja wa kumwokoa Waziri Mkuu kwa kujificha nyuma ya tarehe. Wengine walisema Spika hana mamlaka ya kufupisha siku zilizoandikwa kwenye Katiba, na mimi kwenye hili niko nao, maana ibara hiyo haina mlango wa pembeni. Lakini usiache kuona matokeo yake: serikali haikuaibishwa ukumbini, na hasira ya wabunge ikapata njia ya kutokea kwingine. Spika anayetaka kudumu katika chama kinachotawala anahitaji siku kama hizo, ambapo kanuni na maslahi ya chama vinaelekea upande mmoja.

Si siku zote vilielekea pamoja. Mwishoni mwa 2011 posho ya kikao ya wabunge ilipanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000, naye akajitokeza kuitetea kwa sababu ya ugumu wa maisha Dodoma. Hapo hakuwa na kanuni ya kushika, na wananchi walimjia juu. Novemba 2014 lilikuja suala la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Pamoja na mvutano mkubwa wa kutaka mjadala usifanyike, ulifanyika, Zitto akiwasilisha taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali, na Bunge likafikia maazimio. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari akafuata Profesa Sospeter Muhongo. Hilo lilitokea chini ya kiti chake, na wanaomwita Spika wa serikali hulisahau. Halafu Julai 2015, wiki zake za mwisho, miswada mitatu ya mafuta na gesi ikaletwa kwa hati ya dharura. Upinzani ukasimama kupinga, naye akawasimamisha wabunge wao kadhaa kuhudhuria vikao, na miswada ikapita. Sheria kubwa kama hizo zilistahili muda zaidi. Sioni namna ya kulipamba hilo.

Angalizo dogo hapa: tukio la Septemba 2013, Mbilinyi alipokabiliana na askari ndani ya ukumbi baada ya Freeman Mbowe kuamriwa atoke, aliyekuwa kwenye kiti ni Naibu Spika Job Ndugai. Wengi humbebesha Makinda. Wewe usimbebeshe.

Umeuliza kuhusu kuchokwa. Katiba yetu inamwekea Rais ukomo wa vipindi viwili, mbunge haimwekei. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mbunge aishie vipindi vitatu na wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa katikati ya muda. Bunge Maalumu la Katiba la 2014, lililoongozwa na Sitta na si Makinda, halikuyapitisha hayo, na Katiba Inayopendekezwa yenyewe haijafika kwenye kura ya maoni. Fanya hesabu uone utamu wake: kwa ukomo wa vipindi vitatu vya jimbo, Makinda angemaliza 2010, kabla ya kuwa Spika. Ingebaki ibara ya 84, inayoruhusu Spika achaguliwe hata kutoka nje ya wabunge, alimradi ana sifa za kuwa mbunge. Mimi naupenda ukomo huo kwa majimbo ambayo kura za maoni ndizo uchaguzi wenyewe. Kwa majimbo yenye ushindani wa kweli siuoni kama una kazi, mpiga kura ataufanya mwenyewe.

Kuhusu yeye, hakungoja kutolewa. Alitangaza hatagombea 2015, akiwa na miaka 66, na hakugombea. Baadaye alipewa uenyekiti wa bodi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kisha akawa Kamisaa wa Sensa, ile iliyofanyika Agosti 23, 2022. Mwaka huohuo, Februari 1, Dk. Tulia Ackson wa Mbeya Mjini alichaguliwa Spika baada ya Ndugai, aliyemrithi Makinda, kujiuzulu. Linganisha njia zao: Tulia naye aliingia bungeni 2015 bila jimbo, kwa uteuzi wa Rais, akawa Naibu Spika kwanza, na jimbo akalitafuta baadaye, 2020, alipomshinda Sugu. Alichofanya Makinda kwa miaka 20, yeye alikifanya kwa mitano. Tofauti ni kwamba Makinda alisukumwa na mabadiliko ya Katiba kufanya uchaguzi wake, Tulia alichagua wakati wake mwenyewe. Ukipata aya moja ya kuwaweka pamoja, kazi yako itanoga.

La mwisho ni la kukuokolea muda maktaba. Ukitafuta jimbo la Njombe Kusini kwenye matokeo ya 2015 kuja huku hutalipata, maana jina limefutika. Mjini pameitwa Njombe Mjini, na jimbo la Njombe Kaskazini limegawanywa kuwa Lupembe na Makambako kwenu. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kura za Makinda na za waliomfuata, angalia kwanza mipaka ya kata, usilinganishe majina ya majimbo. Kwa miaka ya 1995 hadi 2015, Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, Hansadi, zitakupa maneno yake mwenyewe. Anza na Aprili 2012 na Novemba 2014. Kwa miaka ya 1975 hadi 1995 achana na orodha za majimbo kabisa. Mtafute kwenye orodha za wabunge wa taifa, na kuanzia 1983, kwenye Baraza la Mawaziri.